Tuliondoa Jina, Watu Hawakuambiwa

Ninyi mnaosoma sheria kule Kasapa mnapenda kunitembelea hapa Katuba siku za Jumapili. Mnakaa, mnakunywa munkoyo wa bibi yangu, halafu mnaniuliza: "Papa Kiluba, wakati wa Wabelgiji mawakili walikuwa namna gani?" Mnataka niwasimulie kanzu nyeusi, sauti nene, na Kifaransa kile cha kupanda na kushuka. Hayo niliyaona, ndiyo. Lakini kazi yangu haikuwa kuwatazama mawakili wakisema. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa.

Nitaandika Kiswahili cha kitabu, kama mapadri walivyonifundisha kule kaskazini. Maneno ya watu nitayaacha jinsi yalivyotoka midomoni mwao, maana nikiyanyoosha hayatakuwa yao tena.

Nilikuwa karani mahakamani, hapa hapa mjini, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Nilikaa katika greffe, ofisi inayotunza majalada ya kesi. Karibu na mlango mkubwa, ule ambao sisi weusi hatukuupita, kulikuwa na fremu ya kioo ukutani, na ndani yake karatasi yenye majina ya mawakili. Waliiita tableau. Wote Wazungu. Jina likiwa pale, mtu huyo anaweza kusimama mbele ya jaji na kusema kwa ajili ya mwenzake. Likitoka, yeye ni mpita njia tu, hata kama jana yake alishinda kesi iliyowashangaza majaji wenyewe.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Gaspard Mutombo, Mkasai mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya mashine ya kuandikia akaniambia:

"Sikia, mudogo wangu. Kwiko maneno mbili. Omission na radiation. Ya kwanza, muntu amemaliza: amekufa, amerudia kwabo Ulaya, amezeeka, amegonjwa. Banamutosha, jina inatoka na heshima yake. Ya pili, amefanya mubaya, banamufukuza. Ukichanga ile maneno mbili, bazungu batatufukuza shiye."

Alijua anachosema, kwa kuwa aliwahi kuyachanganya. Wakili mmoja alichoka na sheria, akaenda kufuga nguruwe upande wa Kinsevere, na mwenyewe akaomba jina lake litolewe. Papa Gaspard, siku hiyo akiwa na homa, akapiga mashine: radiation. Karatasi ikabandikwa. Kesho yake asubuhi yule Mzungu akaingia na mabuti yenye matope, anatweta, anapiga kelele: "Nimeiba nini? Semeni, nimeiba nini?" Harufu ya nguruwe ikajaa ofisi nzima. Mkubwa wetu, greffier, alifungua madirisha yote kwanza, ndipo akaomba radhi. Papa Gaspard alisimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka nguruwe walizidi kuwa wengi.

Kama mtapewa kazi ya namna hii siku moja, jueni kwamba jina halifutwi kwa raba. Halmashauri ya mawakili hukaa na kuamua, na uamuzi huletwa greffe. Karani huupiga kwa mashine na karatasi za kaboni katikati: nakala kwa majaji, kwa procureur, mwendesha mashtaka, kwa mawakili wenzake, kwa mkuu wa gereza. Pigeni kwa nguvu, hasa herufi za jina. Kaboni ya chini hutoa maandishi hafifu kama moshi, na nakala ya chini kabisa siku zote ilikuwa ya gereza. Halafu orodha yote huandikwa upya, kwa sababu majina yalifuatana kwa ukubwa wa kazi, na mmoja akitoka walio chini yake hupanda. Nimewaona mabwana wenye suti safi wakisimama mbele ya kile kioo kama watu wanaonyoosha tai, kumbe wanatazama wamefika wapi.

Mtaona kwamba katika nakala hizo zote hapakuwa na hata moja ya watu wa cité, kule tulikokaa sisi weusi. Habari yangu yote iko hapo.

Alikuwapo wakili mmoja, Maître Lambrecht. Watu wetu walimwita Bwana Polepole, kwa sababu aliongea Kiswahili taratibu, akilipa kila neno nafasi yake. Alikuja Katanga akiwa kijana, akaoa, akamzika mke wake hapa, hakupata mtoto. Sitaki mumfanye malaika. Alikuwa na hasira, alivuta tumbaku yenye kunuka vibaya, na siku moja alimtupia Papa Gaspard jalada zima kifuani. Lakini mtu mweusi akiingia ofisini kwake alimpa kiti. Ninyi leo hamwezi kujua maana ya kiti. Kapita wa shimo la madini, mboyi wa nyumbani, muuza karanga, alikaa chini ya paa moja na Mzungu, magoti yakitazamana, akaulizwa: "Sema. Ilianza namna gani?"

Na alikuwa na shauri moja alilompa kila mteja mweusi, miaka yote: "Watu ya tribinali watakuja kukuambia sema hivi, weka kidole hapa. Usisikie. Acha yote kwangu." Shauri hilo liliwaokoa wengi. Polisi walikuwa na desturi ya kumwekea mtu karatasi ya Kifaransa mbele, na kidole chake kikishawekwa wino, kesi imekwisha.

Akaanza kupotea. Mwanzoni tulidhani ni uchovu. Alimwita jaji kwa jina la jaji aliyekuwa amerudi Ulaya zamani. Siku nyingine alisimama akasema vizuri sana, akakaa, akanywa maji, akasimama tena, akarudia yote tangu mwanzo, neno kwa neno. Wenzake walicheka. Kisha ikaja siku alipomtetea mtu wa upande wa pili na kumwacha mteja wake akitumbua macho, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Halmashauri ikaamua. Omission, kwa sababu ya ugonjwa, pamoja na maneno ya kumshukuru. Waliomwandalia chakula cha kumuaga walikuwa mawakili wote. Mimi ndiye niliyepiga mashine, na neno lile nililitazama mara mbili nisije nikamfanyia alichofanyiwa mtu wa nguruwe. Orodha mpya ikaingia kwenye kioo bila jina lake.

Nikamwendea greffier. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia kweli. Alikuwa akiniulizia hali ya watoto wangu kwa majina yao. Nikamwambia kwa Kifaransa: "Bwana, wateja wa Maître Lambrecht wako cité. Tuandike na kwa Kiswahili, tubandike sokoni na kwenye milango ya makanisa." Akanitazama kama nimemwomba tubandike habari ya mvua. "Kiluba," akasema, "tableau ni jambo la mahakama na mawakili. Wenyeji haliwahusu." Akarudia karatasi zake.

Na Maître aliendelea kuja. Kila asubuhi ya kazi, amenyoa ndevu, kanzu nyeusi imekunjwa mkononi. Mara ya kwanza nilimwambia yote pale ukumbini: Maître, jina limetoka, halmashauri imeamua, barua ulipewa. Rangi ikamtoka usoni. Alishika ukuta. Kesho yake alikuja tena, hakumbuki kitu, ananiuliza kesi yake inaanza chumba gani. Nikamwambia tena, na tena rangi ikamtoka, kama mtu anayepewa habari za msiba ule ule kila siku. Papa Gaspard akanivuta pembeni. "Inatosha," akasema. "Muambie tu: leo hakuna kesi. Ile si bongo, si uongo." Basi nikawa nasema hivyo. Naye alikuwa akinishukuru, anakaa kidogo kwenye benchi, anarudi kwake.

Sasa fikirini mtu wa Katuba anayepita njia ile asubuhi. Anamwona Bwana Polepole mlangoni mwa mahakama na kanzu yake mkononi, kama zamani. Nani angemwambia kwamba mtu yule si wakili tena? Kioo? Kioo kilikuwa kwenye mlango wa Wazungu, kwa Kifaransa.

Mwisho wa mvua za mwaka huo alihukumiwa mtu aitwaye Kabange. Alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua, kwenye tanuri la matofali la mkandarasi mmoja nje ya mji. Mvua zilikuwa zimelegeza ukuta wa tanuri. Ukaanguka, ukaua vibarua wawili. Mkandarasi akasema kapita aliamuru kupakia matofali bila ruhusa. Kabange akasema alimwonyesha patron wake ufa wa ukuta kwa kidole kabla haujaanguka, akaambiwa aendelee. Vibarua waliosikia maneno hayo walipofika mbele ya jaji walisema hawakusikia. Walikuwa na watoto wa kulisha, na wote walikuwa bado kazini kwa mkandarasi yule yule. Kabange akapewa miaka mingi ya gereza. Maître Lambrecht alikuwa amesimama kwa ajili yake siku ya kwanza ya kesi, jina lake likiwa bado kwenye kioo. Siku ya hukumu lilikuwa limetoka, na Kabange alisomewa hukumu akiwa peke yake.

Ijumaa moja mke wake alikuja kwenye dirisha letu la nyuma. Alijiita Mama Ngoie. Mwanamke mrefu, mpole wa sauti, kikwembe safi kilichopauka kwa kufuliwa.

"Jambo, karani. Nauliza siku ya appel ya bwana yangu. Kabange wa tanuri."

Nikatafuta. Hapakuwa na rufaa iliyofika. Nikamwuliza nani aliyeiandika.

"Bwana Polepole. Siku ya hukumu nilienda kwake nyumbani. Aliniambia: acha yote kwangu."

Siku za kukata rufaa zilikuwa chache, na za Kabange zilikuwa zinaishia keshokutwa, Jumapili. Nikatoka nje, nikasimama naye juani.

"Mama, nisikie muzuri. Maître haiko wakili tena. Banamutosha ku tableau. Na amegonjwa mu kichwa, anasahau. Hakuandika kitu."

"Leo asubui nimemuona hapa. Na kanzu yake."

"Ndiyo, njo vile, anakuya. Lakini habezi kusema tena mbele ya juge."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kola ya shati. "Weye unatumikia nani?"

"Mahakama."

"Mahakama njo ilifunga bwana yangu."

"Mama, hakuna lazima ya wakili kwa kuanza. Kabange mwenyewe aambie tu bakubwa ya buloko, kule gerezani: hukumu naikatala. Bataandika, bataleta huku. Aseme leo. Ao kesho."

Nilimwona akipima. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayerudia katekisimu: "Bwana Polepole alituambia. Bantu ya tribinali batakuya kutuambia tuseme hivi, tuandike hivi. Tusisikie."

Nilimbembeleza akubali jambo moja tu: kesho, Jumamosi, baada ya kazi, twende pamoja kwa Maître, mimi na yeye na Papa Gaspard, asikie kwa masikio yake. Alikubali.

Tulifika kwake mchana. Nyumba yenye baraza pana, maua yameachwa yakaota ovyo. Mpishi wake, Mubemba aliyezeeka pamoja naye, alitupokea kwa mlango wa nyuma akaninong'oneza: "Leo iko na akili. Ingieni mbio." Nilifurahi. Nilidhani hiyo ni bahati yetu.

Maître alisimama kumpokea Mama Ngoie, akamsogezea kiti. Na alipoulizwa habari ya Kabange akaanza kusema. Vijana, nimesikia mawakili wengi. Sijasikia kama siku ile. Alieleza tanuri jinsi linavyojengwa, wapi ukuta hubeba uzito, mvua huingia wapi. Alieleza kwa nini kapita asiye na ruhusa ya kufungua hata mlango wa ghala hawezi kuwa ndiye aliyeamua siku ya kupakia. Alitaja vibarua walioogopa, mmoja mmoja, na swali atakalomwuliza kila mmoja ili woga wake uonekane. Yote kwa Kiswahili, polepole, akimtazama mama yule. Mama Ngoie alilia kimya kimya. Kama majaji wangemsikia saa ile, Kabange angelala kwake.

Mama Ngoie akanigeukia. "Njo huyu unasema iko mugonjwa?"

Nikasema: "Maître, na karatasi ya appel, iko wapi?"

"Imeenda," akajibu. "Nimempa Monsieur Hardy mkononi mwake."

Papa Gaspard akafumba macho. Monsieur Hardy alikuwa greffier wa zamani sana. Alikufa kabla ya vita vile vikubwa vya Ulaya, na Papa Gaspard alitembea nyuma ya jeneza lake.

"Maître," Papa Gaspard akasema kwa heshima, "Monsieur Hardy alikufa. Zamani."

Maître akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeshiba. "Gaspard, weye unaua watu mbio sana! Juzi nilikunywa kahawa naye."

Na Mama Ngoie akacheka pia, machozi yangali mashavuni. Sikumlaumu. Hakuwahi kumjua Hardy. Alichokiona ni makarani wawili wa mahakama wakimwambia mwanasheria mkubwa kwamba watu walio hai wamekufa. Njiani nilijaribu tena. Papa Gaspard alijaribu, akaapa kwa jina la mama yake. Mama Ngoie aliaga kwa adabu, akafuata njia ya Katuba, na hakugeuka.

Jumapili nilikwenda gerezani mwenyewe. Ilikuwa siku ya kutembelea wafungwa. Nilipanga mstari na wanawake wenye vyungu vya bukari na sombe, na zamu yangu ilipofika Kabange aliletwa nyuma ya wavu. Mtu mwembamba, macho yaliyotulia. Hatukuwahi kuonana. Nikamweleza haraka, nikitegemea kukataliwa.

Alisikia hadi mwisho. Akauliza jambo moja: "Alisema alipatia nani ile karatasi?"

"Monsieur Hardy. Ni marehemu."

Kabange akaegemeza paji la uso kwenye wavu. "Siku ile mbele ya juge," akasema, "aliniita Joseph. Miye si Joseph. Nilisema, pengine amechoka. Baba yangu vilevile alipotea hivi, mwisho alikuwa anasalimia bafu, bantu benye kufa, mu njia." Akainua kichwa. "Nakusadiki, karani. Ninaomba nini?"

"Sema tu unakatala hukumu. Leo. Kesho haitafaa."

Akamwita mlinzi. Mlinzi, kijana wetu mweusi mwenye kofia nyekundu, akaja akitafuna muwa.

"Minakatala hukumu," Kabange akasema. "Andikeni."

"Leo dimanche. Karani wa buloko iko ku misa. Kesho."

"Andika weye."

"Miye sijue kuandika."

"Nitaandika miye," nikasema, "natumika mahakamani, leta karatasi tu."

Mlinzi akanitazama. Aliogopa, nilimwona. Kufungua ofisi ya mkubwa wake Jumapili kwa ajili ya mgeni, hilo lilikuwa la kupoteza kazi na kupigwa. "Hapa weye ni visiteur, mugeni tu," akasema. "Na visite imeisha." Akamshika Kabange begani, bila ukali, akamrudisha ndani. Kabange alikuwa akisema bado, kwa sauti ya juu, ili watu wote wa mstarini wasikie: "Minakatala! Leo dimanche, minakatala! Munasikia?"

Walisikia. Wanawake wote wale walisikia.

Jumatatu asubuhi karani wa gereza aliandika. Karatasi ikafika mezani kwangu siku iliyofuata. Greffier aliitazama, akachukua mhuri wake, akaigonga neno moja: tardif. Imechelewa. Niliingia ofisini kwake bila kuitwa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikamwambia nilikuwapo, alisema Jumapili, niko tayari kuapa, wako wanawake waliosikia. Alinisikiliza. Akaniuliza kama mlinzi atathibitisha. Nilikuwa nimekwisha kwenda kwa mlinzi, naye alikuwa amekana, macho chini. Greffier akakunja mikono. "Kiluba, kama angetaka kweli, alikuwa na siku zote zile za kabla. Kwa nini angoje Jumapili?"

Nikamjibu: "Kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba wakili wake si wakili."

"Ilibandikwa," akasema. Na kweli ilibandikwa.

Tulijaribu kwingine. Papa Gaspard alikwenda kwa padri aliyekuwa akisali gerezani, padri akaandika kwa procureur; jibu lilikuja la heshima, lenye maana ile ile. Wakili kijana, mmoja wa wale walioangalia tai zao kwenye kioo, alikubali kuliona jalada. Alilisoma akasema kesi ilikuwa nzuri, huruma tu kwamba mlango umefungwa. Mpwa wa Maître alikuja kutoka Ulaya akamchukua kwa treni. Nilisikia alipanda amevaa kanzu yake nyeusi na kwamba hakuna aliyethubutu kumvua.

Baridi iliingia. Mnajua baridi ya mwezi wa saba hapa kwetu, na wakati ule wafungwa walilala chini kwenye saruji. Kabange alikamatwa na kifua. Mwezi wa nane alikufa.

Mnaniuliza mara nyingi kazi ile ilinifundisha nini. Nimeifanya miaka mingi baada ya hapo. Niliondoa majina ya waliokufa, ya waliohama, ya waliochoka. Kila jina lilipotoka nilikwenda mwenyewe jioni cité, nikasimama karibu na soko, nikawaambia watu: fulani si wakili tena. Wengine walisikia. Wengi walinitazama kama Mama Ngoie alivyonitazama, karani wa mahakama aliyetumwa kuwatenga na mtu wao. Siwezi kuwaambia kwamba nilimwokoa hata mmoja. Msinitafutie neno zuri la kufungia. Nimelitafuta kabla yenu.

Mama Ngoie alikuja kwenye dirisha la nyuma baada ya mazishi. Nilimwona kwa mbali, amenyoa nywele kwa matanga, nikatoka kumlaki. Nilitaka anitukane. Nilitaka anilaumu, alaumu mahakama, mkandarasi, Bulamatadi yote, serikali ile ya Wabelgiji.

"Karani," akasema, "uliniambia."

"Mama..."

"Uliniambia ku siku ya Ijumaa, na siku ya Jumamosi. Miye njo nilikatala. Miye njo nilimuua."

Nikamwambia hapana. Nikamkalisha kwenye ngazi, nikakaa kando yake, na nikasema yote niliyokuwa nayo. Kwamba aliyemuua ni ukuta na aliyekataa kuutengeneza. Kwamba aliyemuua ni kioo kinachosema Kifaransa kwa watu wasiokisoma. Kwamba yeye alimsadiki mtu aliyestahili kusadikiwa maisha yake yote, ila ugonjwa ulikuwa umeingia bila kubisha hodi. Nilisema muda mrefu. Kwa mara ya kwanza maishani nilisema kama wakili.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono magotini. Kisha akasimama, akafunga kikwembe chake.

"Unasema muzuri, karani," akaniambia. "Hata Bwana Polepole alikuwa anasema muzuri."